Mali Isiyo na Jasho, Je, Haina Mwenyewe?



Katika darsa zetu limezuka swali, nalo limerudiwa mara nyingi hata tumeona si vyema kulinyamazia. Swali lenyewe ni hili: Mwenyezi Mungu akijaalia yakapatikana mafuta au gesi katika bahari yetu hii, na makampuni yaliyokodishwa sehemu za bahari yakawa yalipa yanayopasa kulipwa, na fungu la fedha hiyo likafika kwetu Kilifi, je, ni uadilifu wakubwa wa mji kuitoa fedha hiyo katika kubomoa mitaa ya zamani ya Malindi na Kilifi, ili ardhi isafishwe na mji mpya usimame? Mmoja katika waliouliza alilitia swali nguvu kwa hoja ambayo kwa kuisikia mara ya kwanza yaonekana nzuri. Alisema: fedha hii si ushuru wala si mchango, hapana aliyeitolea jasho, hapana mtu wa Maweni wala wa Shela ambaye mfuko wake umepungua kwa ajili yake. Basi ikitumiwa kubomoa, nani aliyedhulumiwa?

Hoja hii ndiyo tutakayoishughulikia, kwani makosa mengi yanayohofiwa katika jambo hili huzaliwa na hiyo.

Lakini kwanza tuseme hali ilivyo, ili tusije tukawa kama watu wanaogombania nyama ya mnyama ambaye bado yuko mwituni. Kutafuta mafuta katika pwani hii si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 makampuni ya BP na Shell yalikuwa yakichunguza ardhi ya pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 visima vikachimbwa. Mafuta ya kufanyia biashara hayakupatikana. Mwaka 2012, mwaka ule ule yalipogunduliwa mafuta ya Turkana, kisima kilichopewa jina la Mbawa kilichimbwa baharini upande wetu huu wa kaskazini, ikaonekana gesi, ila haikuwa ya kutosha. Kisha ikaja kampuni ya Eni ya Italia (Waitaliani ambao Malindi yawajua kwa mahoteli na vyakula vyao zaidi kuliko kwa mafuta), ikachimba kisima cha Mlima, nacho mwaka 2022 kikaonekana kikavu. Basi twazungumza juu ya mali ambayo bado haijatiwa mkononi, na huo ndio wakati bora wa kuizungumza. Watu hukubaliana juu ya mizani kabla ya kujua ni nani atakayepimiwa. Fedha ikisha kuwa mezani kila mtu huivuta mizani kwake.

Sheria nayo haikungoja. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imeligawa fungu la serikali hivi: katika kila shilingi 100, shilingi 75 ni za serikali kuu, 20 ni za kaunti, na 5 ni za jamii ya wenyeji, ziwekwe katika mfuko wa amana. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilikuwa imekwisha kugawa kwa mfano huo: 70, na 20, na 10. Msomaji na aitazame hesabu hii vizuri. Sheria hizi hazikutungwa na masheikh, lakini zimekiri jambo ambalo mwenye hoja alilikanusha: kwamba mali itokayo chini ya ardhi au chini ya bahari ina wenyewe, na kwamba mtu aliyezaliwa hapo ana haki ndani yake hata kama hakuwahi kushika koleo.

Na jambo hili katika dini yetu ni la kale. Abu Daud na wengineo wamepokea kisa cha Abyad bin Hammal, mtu wa Yaman, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba amkatie chumvi ya Ma'rib iwe yake. Akakatiwa. Alipokwisha kugeuka kwenda zake, mmoja wa waliohudhuria akaeleza kwamba mahali pale chumvi yake ni kama maji yasiyokatika, kila ajaye huchota. Mtume (s.a.w.) akairudisha chumvi ile. Wanazuoni wakachukua katika kisa hiki kanuni ya madini yaliyo dhahiri, kwamba hayafai kukatiwa mtu mmoja na wengine wakanyimwa. Sisi hatutaki hapa kuingia katika ikhtilafu za madhehebu juu ya madini ya dhahiri na ya ndani, kwani mlango huo ni mrefu, na mafuta yaliyo chini ya bahari yana mas'ala yake. Latutosha kwamba kile ambacho hakuna aliyekitolea jasho hakikuhesabiwa kuwa hakina mwenyewe. Kilihesabiwa kuwa wenyewe ni wengi. Tofauti ya maneno haya mawili ni kubwa. Kitu kisicho na mwenyewe, wa kwanza kukiokota hukichukua. Kitu chenye wenyewe wengi, hapana awezaye kukigusa illa kwa maslaha yao wote, na akitaka kumwondoa mmoja wao katika maslaha hayo, yampasa alete hoja yenye nguvu zaidi kuliko ya aliyechukua mali ya mtu mmoja.

Tumeitaja chumvi, na chumvi hatuna haja ya kuifuata Yaman. Iko Gongoni na Marereni. Viwanda vya chumvi vya Magarini vimekaa juu ya maelfu ya ekari zilizotolewa kwa hati za kukodi, na malalamiko ya watu walioondolewa humo, na ya maji ya visima kuingia chumvi, na ya mikoko kukatwa, yalifika hadi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikaja kukaa na kuwasikiliza watu mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatoa ripoti yake. Hatuitaji habari hii ili kufufua ugomvi. Twaitaja kwa sababu ni mfano ulio mbele ya macho yetu wa ardhi kukodishwa, kodi ikalipwa, na mtu aliyekuwa akiishi juu ya ardhi ile asihesabiwe kuwa ni mmoja wa waliokodisha. Vivyo hivyo Ngomeni, ambako roketi za kituo cha San Marco zilikuwa zikirushwa baharini tangu miaka ya 1960 hadi 1988: mapatano yalikuwa baina ya serikali na serikali, naye mvuvi wa Ngomeni akabaki kuwa mtazamaji. Basi mtu wa pwani akisikia neno kukodisha, ana sababu ya kuuliza mapema yeye amesimama wapi katika hati hiyo.

Sasa tuje kwenye kubomoa.

Fedha ya mafuta kutumiwa kubomoa mji si dhana ya vitabuni. Ilifanywa, na waliofanya ni ndugu zetu ambao wazee wetu waliwajua kwa majina. Kuwait walianza kuuza mafuta nje mwaka 1946. Mwaka 1952 wakapata ramani ya mji mpya iliyochorwa na wataalamu wa Kiingereza, na mwaka 1957 ukuta wa mji, uliojengwa mwaka 1920, ukabomolewa, yakabakishwa malango tu. Serikali ilinunua nyumba za mji wa kale kwa fedha ya mafuta, na kwa bei kubwa, watu wakahamia mitaa mipya nje ya ukuta, na nyumba za udongo zikaangushwa. Na boriti zilizoezekea nyumba zile, msomaji, zilitoka wapi? Zilitoka kwetu: katika mikoko ya Lamu na delta za pwani hii, zikachukuliwa na majahazi ya Kikuwaiti msimu kwa msimu, hata upana wa chumba cha Kikuwaiti ulikuwa ukifuata urefu wa boriti ya mkoko. Mafuta yalipokuja, boriti zetu zikaanguka pamoja na kuta zao.

Uadilifu wataka tuseme kwamba katika Kuwait aliyebomolewa alilipwa, na wengi walilipwa zaidi ya thamani. Kwa hiyo mtu aweza kusema: hapo hapana dhuluma. Lakini hata hapo liliingia doa. Waliokuwa karibu na habari, wafanyabiashara wakubwa na watu wa majumba ya utawala, walijipatia ardhi mapema kwa bei rahisi kisha wakaiuzia serikali kwa bei ya mafuta, hata sehemu kubwa ya mali ya umma ikapita katika mikono michache kwa jina la kutengeneza mji. Na Kuwait ilikuwa na mafuta mengi na watu wachache. Sisi watu ni wengi, na mafuta bado ni ndoto. Ikiwa katika wingi ule fedha ilielekea kwa wajuzi wa habari, itakuwaje katika uchache huu?

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao si wa mafuta bali wa karafuu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ya Zanzibar chini ya Mzee Abeid Karume iliazimia kuibomoa Ng'ambo, mtaa wa nyumba za udongo na makuti, na kusimamisha mahali pake majumba marefu ya Michenzani, kwa michoro ya wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki. Fedha ilikuwa ya karafuu, ambazo bei yake wakati huo katika dunia ilikuwa ya juu sana, na ambazo mkulima alilazimika kuiuzia serikali kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Nia haikuwa mbaya. Aliyepewa nyumba Michenzani alipata bomba na umeme ambao babake hakuwahi kuuona nyumbani kwake, na hili tusilidharau. Lakini tazama mambo mawili. Karafuu nyingi zilitoka Pemba, na majumba makubwa yakasimama Unguja mjini. Aliyechuma si aliyejengewa. Na yaliyokusudiwa kujengwa yalikuwa mengi mno kuliko yaliyojengwa. Kubomoa hakungoji: nyumba ya miti na udongo huanguka asubuhi moja. Kujenga hungoja fedha, na fedha ya karafuu ilikuja kuanguka pale Indonesia, mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilipoanza kujilimia karafuu zake.

Hapa ndipo palipo kiini cha mas'ala yetu, nasi twaomba msomaji asipite haraka. Mali ya ardhini haioti tena. Kiangazi kikiuharibu mnazi, mwakani utazaa. Gesi ikisha kuchomwa imekwisha, na kizazi kijacho kitarithi shimo. Kwa hiyo fedha yake si kama mapato ya mwaka, ni kama mtu anayeuza shamba la urithi, na muuza shamba la urithi huulizwa: umenunua nini badala yake? Sayyidna Umar (r.a.) alipofunguliwa nchi ya Iraq, askari walitaka ardhi ile igawanywe baina yao kama ngawira, na miongoni mwa waliodai walikuwa masahaba wakubwa. Akakataa. Hoja yake ilikuwa katika Sura ya al-Hashr, ambayo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari yawataja wale watakaokuja baada yao. Akaona kwamba akiigawa ardhi leo, hao wa baadaye hawatakuta kitu. Akaiacha kwa wenyeji wake, kodi yake ikawa ya umma. Basi ikiwa ardhi, ambayo hudumu, ilichungwa hivyo kwa ajili ya wasiozaliwa, itakuwaje mafuta ambayo hayadumu?

Sasa linganisha na kubomoa. Katika matumizi yote ya fedha, kubomoa ndiko kusikoacha kitu mkononi. Ukichimba kisima una maji. Ukijenga mfereji wa maji ya mvua katika Kisumu Ndogo una barabara isiyogeuka ziwa kila masika. Ukibomoa una vifusi, na uwanja mtupu ambao thamani yake yote humwendea atakayepewa hati yake. Na huyo ni nani? Kwa desturi tulizozizoea si mama aliyekuwa akikaanga mahamri mlangoni hapo.

Na huyo mama ana habari yake. Katika miji yetu ya pwani kuna ada ambayo mgeni huistaajabia: mtu huwa na nyumba na asiwe na ardhi. Nyumba ni yake, ameijenga kwa mkono wake au ameirithi. Aweza kuiuza na kuipangisha na kuiachia wanawe. Lakini kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Mitaa mingi ya Malindi na Mombasa imesimama juu ya ada hii tangu zama za babu zetu. Nyumba yenyewe huwa ya vyumba vingi vinavyoelekea ukumbi mmoja, na mjane akikaa katika kimoja hupangisha vilivyobaki; vyumba hivyo ndivyo shamba lake. Sasa tingatinga likija na karani akafungua daftari kumtazama mwenye haki ya kulipwa, atamkuta nani? Atamkuta mwenye hati ya kiwanja. Mjane hana hati. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, imelazimisha fidia ya haki kwa ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma, na imefungua mlango hata mkaaji wa nia njema asiye na hati apate kulipwa. Nayo sheria ya ardhi yataka ilani ya miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Lakini mlango uliofunguliwa si sawa na mtu aliyeingizwa. Na katika fiqhi yetu jengo ni mali iliyo mbali na ardhi, lina thamani yake na mwenyewe wake, wala haliwi bure kwa kuwa limesimama juu ya kiwanja cha kukodi.

Basi turudi kwa mwenye hoja aliyeuliza ni nani aliyedhulumiwa. Tunamjibu hivi: huyu mjane ni mmoja wa wenye mali ile. Ana fungu katika zile 20 za kaunti, na hwenda ana fungu katika zile 5. Ukiitwaa fedha hiyo ukamlipa mkandarasi aje amwangushie nyumba, na uwanja ukampa tajiri, umembomolea mtu nyumba yake kwa fedha yake mwenyewe. Afadhali ungetumia ushuru: ushuru hulipwa zaidi na mwenye nacho, na mlipaji huuliza umekwenda wapi. Fedha ya mafuta haina mwulizaji, na kwa sababu hiyo ndiyo ya hatari zaidi.

Hatusemi kwamba kubomoa ni haramu kwa hali zote. Wako ndugu watakaosema: mwaupenda uchafu, mwataka watu waendelee kukaa katika vichochoro ambamo gari la kuzima moto halipiti. Sivyo. Moto ukishika makuti katika vichochoro vile twajua yanayofuata. Ukuta ulioinama juu ya njia, wanazuoni wameuzungumza zamani, kwamba mwenyewe ataonywa auondoe asije akamwua mpita njia. Na Sayyidna Umar huyu huyu alibomoa. Mwaka wa 17 wa Hijra, baada ya mafuriko kuingia Makka, aliupanua Msikiti wa Haram, akanunua nyumba zilizouzunguka na kuzibomoa. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilibomolewa vilevile, lakini thamani ilikadiriwa na kuwekwa katika hazina ya Al-Kaaba mpaka walipokuja kuichukua. Na Madina, alipoitaka nyumba ya Al-Abbas kwa ajili ya msikiti wa Mtume, Al-Abbas akakataa; wakaenda kuhukumiwa mbele ya Ubayy bin Kaab, naye akahukumu dhidi ya Khalifa. Al-Abbas alipokwisha kushinda akaitoa bure.

Tuyatazame yaliyomo. Haja ilikuwa ya umma mzima, tena iliyo dhahiri: mahujaji wamejaa na mahali hapatoshi. Thamani ilikuwapo kabla, wala haikuahidiwa. Aliyekataa hakunyimwa haki yake kwa kukataa. Na mkubwa alikubali kusimama mbele ya kadhi pamoja na raia na kushindwa. Anayetaka kumtolea Umar mfano katika kubomoa, na amtolee mfano katika yote haya, asichukue nyundo akaiacha mizani.

Kauli yetu, basi, ni kwamba fedha hii ikija isianze kwa tingatinga. Ikiwa mtaa hauna budi kubomolewa, nyumba zijengwe kwanza na wenyewe waingie, ndipo za kale ziguswe. Na Zanzibar imetufundisha kwa nini mpango usigeuzwe. Thamani ya jengo apewe mwenye jengo, na ya kiwanja mwenye kiwanja, kila mmoja mkononi mwake. Wapangaji wa vyumba nao wahesabiwe. Palipo na wakfu, fedha yake inunue badala iliyo wakfu, wala isizame katika hazina ya kaunti, na Tume ya Wakf iwepo tangu siku ya kwanza. Uwanja uliosafishwa kwa mali ya umma ubaki wa umma; akikodishwa mtu, hati isomwe hadharani. Na fungu kubwa zaidi liende katika vile ambavyo mtoto wa mwaka 2060 atavikuta.

Kila mwaka kaunti hutakiwa na sheria kuwaita wananchi kuwasikiliza juu ya bajeti. Mikutano hiyo twaiachia watu wachache waliozoea kwenda kwa chai na nauli, kisha twalalamika barazani. Mtu wa Mnarani au wa Barani akienda huko na maneno tu, atajibiwa kwa maneno. Akienda na daftari, mambo huwa mengine. Wala daftari hilo halingoji mafuta yagunduliwe: kila msikiti waweza kuandika mtaa wake, nyumba kwa nyumba, nani aliyeijenga, nani aliyeirithi, ina vyumba vingapi na wapangaji wangapi, na kodi ya kiwanja hulipwa kwa nani, na stakabadhi ya mwisho ni ya tarehe gani.